Mdomo wa Mshazari

"Siku ya kwanza ulipolikata tangi namna hii," wakili wa kampuni aliniuliza, "ulikuwa na nani?"

Wakili wangu alikuwa amenionya mlangoni. "Dada, kitu kikishaonwa na watu kabla ya kuombewa hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, hakina mwenyewe. Wewe sema ulikuwa peke yako, basi. Rufaa ni yetu."

Peke yangu! Mbele ya jopo la rufaa palikuwa na mfano wa tangi langu la saruji, mdogo kama ndoo, na ule mdomo wake wa mshazari usioziba. Kampuni imeutia kwenye matangi yake yote, na haioni haya kuuita wake.

Siku ile saruji ilikuwa imekwama. Mume wangu aliingia tangini kuisukuma kwa ubao, ikaporomoka naye. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nililipasua tumbo la tangi kwa moto wa gesi, mshazari, pale mkono ulipofika, na saruji ikamwagika kama maji.

Niligeuka. Shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, alikuwa benchi la nyuma la ukumbi, amekunja vidole vyake ambavyo kucha hazikuota tena. Siku ile alichimba kwa mikono mitupu, yeye na wenzake, mpaka saruji ikawa nyekundu.

Huyo nami nimkane, niseme hakuwepo?

"Zamu nzima ilikuwepo," nilisema.

Wakili wangu aliinamisha kichwa.

"Na wote waliuona huo mdomo ukifanya kazi?"

"Waliuona. Kilianza kutoka kiatu cha mume wangu."