Umbo la Kadi ya Mama

Baba aliniomba nichague mashine, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa bweni na yeye ni fundi fremu tu wa Makambako. Nilikubali kwa unyenyekevu mkubwa.

Lenard, muuzaji, alikuwa ameleta mbili dukani kwetu. "Zote zinaongozwa na kompyuta, mzee wangu. Hii ndogo inakata kadi ya kuzungushia picha kwa mraba tu. Hii kubwa inakata umbo lolote. Nipeni picha tujaribu."

Picha ya karibu ilikuwa ya mama. Tangu tumzike haijapata kadi, maana mikono ya baba inatetemeka na kisu kinakwenda upande. Kadi zilizoharibika zimejaa chini ya meza.

Nilikaa kwenye kompyuta. Kati ya maumbo palikuwa na moyo, ule tunaowakatia maharusi. Niliubonyeza, nikingoja baba anivute sikio. Tangu msiba hajanigombeza hata mara moja.

Kisu kilizunguka, kadi ikatoka. Lenard alishika kichwa. "We dogo! Moyo kwa marehemu?"

Baba aliilaza kadi juu ya picha ya mama. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ule moyo, polepole, hadi kwenye ncha ya chini. Nilimtazama.

"Tunachukua hii kubwa," alisema.

Kisha akatoa kitambulisho chake mfukoni, akakilaza juu ya kadi, ubavuni mwa mama, upande wenye sura yake ukiwa juu.

"Kata na moyo wa pili hapa."