Kadi Ikizidiwa

Mume wangu alinikamata kisogo, akanisukuma mpaka pua ikagusa skrini. "Pandisha kasi ya kadi mpaka mwisho! Gemu linakwama, na wewe unanizungusha tu."

"Taratibu, baba watoto. Kadi ya picha yenyewe, hii inayochora gemu kwenye skrini, ni ya bei poa. Unaongeza kidogo, unaipima. Ikivumilia ndiyo unaongeza tena."

Kofi likatua mdomoni. Nikaonja damu.

Kompyuta ilikuwa wazi ubavuni, feni ya kadi ikivuma, vumbi limeganda kwenye mapanga yake. Nikaikodolea macho. Mwanzo alinisukuma tu, nikanyamaza. Akaongeza kofi, nikampakulia chakula kama kawaida. Juzi ukaja mkanda. Kumbe muda wote alikuwa ananipima, na mimi navumilia.

Akaninyang'anya kipanya, akaburuta alama ya kasi kwenye skrini mpaka mwisho. Skrini ikawa nyeusi. Feni ikanyamaza.

"Umeiua!" Akakunja ngumi.

"Haijafa," nikasema. "Ikizidiwa, hujizima yenyewe."

Bisibisi niliyofungulia kompyuta ilikuwa bado mapajani mwangu. Mimi sikuumbwa na swichi ya kujizima. Nikaikamata mpini.