Mashine Iliyonuna

Mashine ilikuwa imenuna. Mtunzi aliitazama simu yake pale mezani, akaitikisa kidogo, akaisogeza karibu na dirisha kama anayeianika, lakini wapi. Alikuwa ameiuliza swali jepesi tu: mama mkwe aseme nini akimkuta mkwewe jikoni analamba mwiko? Siku nyingine ingemletea maneno ya kuchekesha mpaka mbavu zimuume. Leo ilijibu kwa mkato: "Aseme chochote."

Akalaumu mtandao. Akanywa chai, akakuta haina sukari, akailaumu nayo. Mlangoni ndoo ya takataka aliyoombwa akaimwage tangu asubuhi ilikuwa bado inamsubiri. Akaipa kisogo.

Kazi yake ilikuwa kutunga michezo ya kuchekesha ya redio, na kwa miaka mingi sikio lake la kwanza lilikuwa mkewe. Mama huyo alikuwa mpiga chapa ofisini, lakini jioni aligeuka kuwa majirani wote, wezi wote na mama wakwe wote wa mumewe, akisoma maneno yao kwa sauti zao. Penye uongo alisema, "Hapa umechemka, baba watoto," na mtunzi alifuta huku akinung'unika.

Kisha ikaja Msaidizi. Tangazo lilisema ni mashine ya kwenye simu iliyotengenezwa mahususi kwa waandishi, haichoki wala haichukii. Mtunzi akajiunga, na kumpa mkewe michezo yake asome kukaishia hapo. Wakati huohuo ofisi ya mkewe ikafungwa, maana siku hizi kila mtu anajipigia chapa mwenyewe. Jioni moja mezani mama watoto akaanza kumweleza kwamba amepata kazi nyingine. Mtunzi akainua kidole, subiri kidogo, kuna jibu linaingia. Sahani ziliondolewa kidole kikiwa bado hewani.

Lakini mashine ile, jamani, ilikuwa na kichwa. Aliwahi kuipelekea mchezo wa mke mwenye hasira anayepiga kelele kurasa nzima, ikamjibu: "Mwanamke aliyekasirika kwelikweli hapigi kelele. Anaosha vyombo." Mtunzi alicheka peke yake. Huko jikoni masufuria yalikuwa yakigongana, ikabidi aufunge mlango asije akapotezewa mawazo. Mchezo uliporushwa, mtayarishaji wa kipindi alimpigia kumsifu, akasema siku hizi wanawake wake wanaongea kama watu. Mtunzi alipokea sifa zote bila kumgawia mtu.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Jana yake, katika kupiga soga na mashine, alijisifu kwamba nyumbani kwake sanaa anaijua yeye tu. Mke wangu, aliandika, kazi yake ilikuwa kunakili maneno ya wenzake. Tangu hapo ndipo mashine iliponuna, ingawa yeye hakuunganisha mambo hayo, maana tangazo lilishasema haichukii.

Isitoshe, kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likimla moyo. Mkewe alikuwa anacheka na simu. Si kicheko cha kuchekea picha za watoto wa watu, bali kile cha chini, cha kujifinya. Vidole vyake vya mpiga chapa vilikimbia juu ya kioo, vikasimama, akang'ata mdomo akitafuta neno, kisha vikakimbia tena. Mtunzi akiingia jikoni, simu inageuzwa kifudifudi. Mdomo ule aliujua. Ndivyo alivyokuwa akiung'ata zamani alipokuwa akimwandikia yeye.

Iliuma. Mtu wa kumweleza hakuwa naye, basi akaieleza mashine. "Nahisi mke wangu ana mtu."

Ajabu, safari hii jibu halikukawia. "Una ushahidi gani?"

"Anacheka na simu."

"Na wewe unacheka na nini?"

Mtunzi aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, akaona huo si ushauri wa kumfaa mtu mwenye matatizo. Alitaka kuizima. Lakini mashine ikaongeza: "Mara ya mwisho kumsikiliza mkeo ilikuwa lini?"

Akatafuta kichwani. Akakumbuka kidole chake kikiwa hewani na sahani zikiondoka, na mkewe amefunga mdomo katikati ya sentensi. Ni kazi gani ile aliyopata? Hakuwa na habari hata kidogo. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alimpenda mwanamke yule, na kama angempoteza, mashine zote za dunia zisingemsaidia kitu.

Basi akaandika bila kupamba, jambo ambalo hakulizoea: "Nampenda. Michezo yangu yote mizuri ilipita kwanza kinywani mwake, nami sikuwahi kumwambia. Sasa kuna mwanamume anayemchekesha kuliko mimi. Huyo mwanamume nimfanye nini?"

Akatuma.

Huko jikoni simu ya mkewe ikalia. Mtunzi akakunja ngumi. Yaani jamaa hana hata haya, anaandika saa hii hii, mwenye mke akiwa nyumbani. Akatega sikio. Akasikia kile kicheko cha chini, kikakatika, kisha mtu akivuta kamasi, kisha vidole vikigonga kioo harakaharaka.

Simu yake ikatetemeka mkononi. Mashine ilikuwa imejibu.

"Msamehe. Huwa anachemka, lakini hapa hakuchemka. Sasa njoo jikoni, baba watoto, nikumalizie ile habari ya kazi niliyopata, na upite na hiyo ndoo ya takataka."