Pembetatu Mikononi mwa Mwalimu Mwanaheri

Asubuhi hiyo Mwalimu Mwanaheri alirudi darasani kwa mara ya kwanza tangu apofuke. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni kuona kama bado anaweza kufundisha.

"Kateni pembetatu za kadibodi," Mwanaheri aliwaambia wanafunzi. "Mniletee, nami nitawaambia ni za aina gani."

Ya kwanza aliipima kwa uzi, upande baada ya upande. "Pande zote tatu zinalingana. Hii ni pembetatu sawa!"

Darasa likapiga makofi. Iliyofuata hakuhitaji hata uzi. "Pande mbili sawa, mmoja mfupi. Pembetatu pacha!"

Ndipo akaja Shuweha, msichana mtundu kuliko wote. "Hii hutaiweza, mwalimu."

"Hebu ilete."

Uzi ukapita upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukarudi kwenye ule wa pili.

"Umenitega wewe!" Mwanaheri akaangua kicheko. "Inajifanya pacha, kumbe upande huu umeupunja kidogo tu, kama unene wa ukucha. Hakuna upande unaolingana na mwenzake. Hii ni guni!"

"Kweli kabisa!" Shuweha akaruka. "Nilipunja makusudi!"

Wanafunzi wakaacha madawati, wakamzonga. "Na yangu, mwalimu! Yangu bado!"

Mwanaheri alicheka huku akinyoosha mikono yote miwili. Mwalimu mkuu aliingia ndani, akaokota kipande cha kadibodi sakafuni, akamwomba mtoto mmoja mkasi.