Kamyo Isiyo na Tundu

Rachidi aliingiza kidole kwenye tundu lililokuwa mlangoni mwa kamyo, lori kuukuu la mizigo, na kidole kikazama chote.

"Hiyo ni kutu," alisema Khaled, mwenye kamyo, akitazama pembeni.

"Kutu ya duara, mzee?"

"Basi ni risasi. Lakini ya zamani! Ya mwezi uliopita."

Rachidi akachomoa kidole upesi.

Khaled alikuwa akipeleka chumvi na sabuni Kayanza, ndani ya konvoi, askari mbele na askari nyuma, na mwaka ule wa vita konvoi zilikuwa zinapigwa hivyo hivyo, askari wakiwepo. Lakini alikuwa mtu mwema. Alimnywesha Rachidi chai, akamwita shoferi kabla hata hajamwona akishika usukani.

"Mi nakuchukua leo," alisema. "Ndiyo ao apana?"

Haikuwa swali dogo. Rachidi alikuwa na leseni mpya ya malori, ya Kigoma, alikozaliwa ukimbizini, na tangu arudi kwao Bujumbura mwezi uliopita hakuna tajiri aliyekuwa amemwajiri. Madereva wa mtaa wa Buyenzi wakikutana na mgeni humwuliza kwanza: ulianza kwa nani? Asiye na tajiri wa kumtaja si dereva. Na juu ya hayo kulikuwa na Mzee Massoudi, baba yake Houda, aliyekwisha kusema mbele ya watu: "Binti yangu simpi mutu wa kukaa barazani. Nikikuona na kamyo, tutaongea." Rachidi alimpenda Houda kiasi cha kufa kwa ajili yake, ila si kwenye barabara ya Kayanza.

"Ndiyo ao apana?" Khaled alirudia.

"Si apana, mzee. Ni hapana."

Ndio ugonjwa wake huo. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma, kimenyooka, na alikitembeza mjini kama mtu mwenye suti mpya. Alitaka kusahihisha tu, lakini Khaled alikwisha kugeuka na kumwita kijana mwingine aliyekuwa akingoja nje. Rachidi akajiambia kwamba hata hivyo alikuwa amekusudia kukataa. Akatoka amenyanyua kidevu, magoti yakimshukuru.

Siku hiyo hiyo akapanda mtaa wa Mutanga Nord, kwa Honoré, mfanyabiashara wa saruji aliyesemekana anatafuta mtu. Kamyo ilikuwa uani, nyeupe, inang'aa, mbwa amelala chini yake. Rachidi aliizunguka yote akipapasa bati. Hakuna tundu.

"Hii haijawahi kupigwa, bosi?"

"Kamyo yangu?" Honoré alishangaa, akaonyesha ukuta wa ua. "Jua likishuka iko hapa, ndani ya rupango. Inalala hapa kila siku."

Inalala hapa! Rachidi nusura abusu bampa.

"Natafuta zamu ya kamyo," Honoré aliendelea. "Ule wa kwanza nimemufukuza."

Zamu! Kumbe hapa madereva wanapokezana, kama kampuni kubwa za Dar es Salaam. Ustaarabu ulioje.

"We unalala sana?"

"Nikiwa kazini hata kusinzia sisinzii."

"Ule alikuwa analala mpaka anakoroma."

Rachidi akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kukoroma kwenye usukani! Watu wengine hawana haya.

"Na we, unakimbia?"

"Mimi? Kamwe, bosi. Mambo yangu ni pole pole."

Honoré akaridhika sana na jibu hilo. "Ukiona watu mu giza, unafanya nini?"

"Nawasha taa zote, napiga honi mpaka wapishe."

"Honi!" Honoré alicheka, akampiga begani. "Jirani wote wataamuka. We ni mutu wa akili."

Rachidi akamtolea leseni. Honoré akairudisha bila kuifungua.

"Makaratasi ya nini? Mi naangalia macho. Anza leo, saa kumi na mbili ya jioni."

Jioni, saa ambayo barabara zote za kutoka mjini hufungwa kwa sababu ya vita? Rachidi hakubabaika. Bila shaka ni kupakia mzigo usiku ili waondoke alfajiri. Alikuwa na jibu la kila kitu, maskini, na hakuuliza hata swali moja.

Mzee Massoudi alipopewa habari hakuamini. Akavaa kanzu na kofia, akasema wafuatane, akamwone huyo tajiri kwa macho yake. Rachidi alivaa glavu za udereva na miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa linaaga. Njia nzima alimweleza mzee jinsi vijana wanavyokimbilia tajiri wa kwanza wanayekutana naye, wakaishia na matundu. Yeye alipima, akachagua.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema Massoudi.

Mwanangu! Hajawahi kumwita hivyo. Rachidi alifurahi, na safari iliyobaki alitembea akiwaza watoto atakaozaa na Houda.

Walipofika, kamyo ndiyo kwanza ilikuwa inaingia uani, injini bado inanguruma. Honoré alimpa mzee mkono kwa heshima, mkono wa pili umeshika kiwiko, kisha akaingia stoo.

Alirudi na koti zito, tochi na rungu, akavitia vyote mikononi mwa Rachidi, huku dereva akishuka kwenye kamyo na kwenda zake nyumbani.

"Asante kunipatia huyu kijana, mzee," alimwambia Massoudi. "Mbwa ndiye alikuwa zamu peke yake, anachoka kulinda. Sasa niko na zamu mbili."