Mnunuzi wa Masizi

Tully, mpanda farasi, alitema jino kwenye majani, akacheka, akaenda kupimwa uzito huku damu ikimchuruzika hadi kifuani. Mbio ya pili ya siku, na ushindi wa pili wa banda la Birkett. Kwenye kiunzi cha mwisho mpinzani alimchapa kiboko cha uso, naye akamrudishia cha shingo, wakaruka hivyo hivyo wakichapana.

"Leo siku yetu," alimwambia Winnie Thackray, mtunza farasi wa banda. "Mbona umenuna kama umefiwa?"

"Nenda kazibe huo mdomo, unavuja."

Winnie hakuwa na hamu ya kusherehekea. Yake ilikuwa mbio ya tatu. Masizi, farasi mweusi aliyemlea kwa chupa tangu mama yake afe akimzaa, angekimbia katika mbio ile ambayo mshindi hunadiwa papo hapo mbele ya watu, jasho halijamkauka. Mwenye farasi ndiye aliyeamua. Amezeeka, alisema, akishinda auzwe, akishindwa aende kwa mchinjaji.

Na kwenye mnada Gledhill hakosi. Uwanja mzima wa Skelbeck ulimjua Gledhill. Mchana ule ule farasi wake alianguka, mguu ukavunjika, na kabla daktari wa mifugo hajafika na bastola yake, Gledhill alikuwa ameshamshindilia mnyama mateke ya mbavu kwa hasira ya kushindwa. Winnie aliyaona kwa macho yake, na mlio wa mnyama aliusikia.

"Bosi," alimwambia Mzee Birkett wakimfunga Masizi tandiko, "mnunue wewe. Nikate mshahara mpaka nife."

"Mimi siwezi kuonekana pale, dada. Gledhill akijua namtaka, atapandisha bei kwa kunikomoa tu, mpaka nishindwe."

"Basi ndiyo umwache hivi hivi?"

Birkett alimtazama, akakuna kidevu. "Uso wako, dada Winnie, unasomeka kutoka ng'ambo ya uwanja. Wewe mzungushe farasi wako, unyamaze."

Winnie aliukaza mkanda wa tandiko mpaka farasi akaguna. Kazi ya miaka yote ile, na jibu ndilo hilo, unyamaze.

Ilikuwa mbio ya kuuana. Kwenye kona farasi wawili waligongana, wakaanguka juu ya wapandaji wao. Masizi akaruka kiunzi, akamkuta mtu amelala chini, akamruka na huyo. Ubao uliovunjika ukamchana kifua. Mpandaji wa pembeni alimvuta Tully mguu amwangushe, Tully akampiga kiwiko cha pua. Masizi alishinda kwa urefu wa kichwa, puani anatoka povu jekundu, na watu wa Birkett wakarusha kofia zao kwenye mvua.

Dalali akapanda juu ya sanduku lake. Winnie akashika hatamu, akaanza kumzungusha Masizi ndani ya kamba.

Gledhill alikuwa pale, mikono mfukoni, hatoi bei. Hilo ndilo lililomtisha Winnie. Gledhill akitia mikono mfukoni, ujue katuma mtu.

Bei ilipanda, wakaacha huyu na yule, wakabaki wawili. Mmoja alikuwa babu mdogo wa miwani, mpole kama mtu wa kanisani. Kila Masizi alipompitia alimpa donge la sukari. "Pole, baba, wamekuumiza," alimwambia farasi. Wa pili alikuwa pande la mtu, pua imevunjika, shingo ya fahali. Babu akiinua kidole, huyu anainua ngumi nzima, farasi hata hamtazami. Mara moja alimtupia Gledhill jicho, akatabasamu.

"Yule nani?" Winnie alimnong'oneza Tully aliyekuwa ameegemea kamba.

"Simjui. Lakini ile shingo, mama, si ya mtu wa kubembeleza mnyama."

Bei ikapanda tena. Babu akavua miwani, akaifuta, akasita.

"Unamwacha, babu?" dalali akauliza. Ngumi ilikuwa bado juu.

Winnie akamwona akilini mwake Masizi yuko chini, na viatu vya Gledhill vikimwingia mbavuni.

Masizi alikuwa na mahali pake, nyuma ya ubavu wa mwisho. Ukimbonyeza hapo, anarusha teke bila kutazama nani yuko nyuma. Walipomfikia yule mtu, Winnie alimgeuza farasi kana kwamba anakwepa dimbwi, akarudi nyuma kidogo kama anayemfuta jasho, akabonyeza kwa kidole gumba.

Ulisikika mlio kama wa ubao ukivunjika. Yule mtu aliruka nyuma, akaanguka chali kwenye tope, damu ikamjaa mdomoni. Ngumi yake ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka.

"Ameshtuka tu," Winnie alisema. "Kelele zimemshtua."

Watu walikimbia kumwita daktari. Lakini dalali wa Skelbeck hakuwa mtu wa kusimamisha kazi kwa ajili ya mbavu za mtu. "Kuna mwingine?" Babu akainua kidole. Nyundo ikalia.

Winnie alimbusu Masizi kwenye paji la uso, akamkabidhi babu hatamu. "Mtunze, baba yangu."

"Kazi yangu imeishia hapa, binti," babu akasema, akampitishia hatamu Gledhill, ambaye alikuwa ameshatoa mikono mfukoni.

Ndipo Mzee Birkett alipokuja mbio. Hakumtazama farasi, wala Winnie. Alipiga magoti kwenye tope, akakiinua kile kichwa chenye pua iliyovunjika, akakipakata.

"Amka, shemeji," alisema. "Nimekutoa kwenu kote kule kwa sababu hapa hakuna anayekujua. Farasi wa Winnie umemwachia nani?"