Hodi ya Mnunuzi

Sihaba alikuwa ameikarabati nyumba ile kongwe ya ghorofa, yenye miti pande zote, na siku hiyo mnunuzi alikuja kuiona. Asubuhi alimpeleka mama yake kwa mama mdogo, maana hakuwa amethubutu kumwambia kwamba nyumba inauzwa.

Juu, mbele ya chumba cha mwisho, mnunuzi, Bi Mwanate, alipiga hodi kwa mazoea.

"Hamna mtu humo, dada," Sihaba akawahi kusema.

"Karibu, mwanangu," sauti ikaitika kutoka ndani.

Sihaba akafungua mlango. Mama yake alikuwa amerudi, ameketi mkekani juu ya sakafu mpya ya mbao, akipangusa nafasi ya mgeni kwa kiganja.

"Pita uketi. Umekuja kukaa na mimi?"

Bi Mwanate alimtazama Sihaba, kisha akainama kuvua viatu.